Kadi Iliyosema Bahgat ni Mwanamke

Bahgat Abu Sinna alikuwa na ofisi. Ilikuwa meza ya pili kutoka mlangoni katika mkahawa mmoja wa mtaa wa Bahari, Iskandaria, na pango lake lilikuwa glasi tatu za chai kwa siku. Hapo ndipo alipogeuka kuwa Karim Sabri wa Idara ya Usalama ya benki. Benki yoyote, kutegemea mteja kafungua akaunti wapi. Sauti yake ilikuwa laini kama samli. Watu waliozoea kubishana na muuza nyanya mpaka koo likauke walimpa majina ya mama zao, nambari za kadi zao na tarakimu za siri, kisha wakamshukuru kwa kuwajali.

Alasiri moja akaona mlo mnono. Katika ukurasa wa mtandaoni wa wakazi wa mtaa wa Muharram Bey, mama mmoja aitwaye Insaf Darwish alikuwa ameandika: "Nimeuza nyumba ya marehemu kaka yangu. Mimi ni mstaafu, mambo ya simu siyajui. Fedha ziko benki, je, ziko salama?" Nambari ya simu kaiweka hapo hapo, peupe.

"Mungu hamsahau mja wake," Bahgat alimwambia mwenye mkahawa, kisha akapiga.

"Hajjat Insaf? Mimi Karim, kutoka benki. Kuna mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti yako sasa hivi. Tumzuie pamoja."

"Masikini mimi. Nifanyeje, mwanangu?"

"Utaingia ujumbe wenye tarakimu sita. Nisomee tu."

"Nitakusomea. Ila jirani yangu Wagdi, mpiga pasi wa hapa chini, alimsomea mtu mwezi uliopita, akiba ya kumnunulia binti yake samani za harusi ikayeyuka. Tangu siku ile nimeapa simsomei mtu kabla sijaona kitambulisho chake."

Bahgat alimkumbuka Wagdi vizuri, tena kwa upendo. Wagdi hakuwa amemsumbua hata kidogo.

"Una haki, Hajjat. Nakutumia."

Vitambulisho havikuwa shida kwake. Alikichora kimoja kwenye simu, akatia tarakimu kumi na nne kadiri zilivyomjia kichwani, akatuma.

"Nimekiona," alisema Insaf. "Picha umetoka vizuri. Lakini tarakimu ya pili kutoka mwisho ni shufwa. Shufwa hupewa wanawake."

Bahgat aliikuza picha kwenye simu, akaanza kuhesabu tarakimu.

"Na hizi za mwanzo zinasema umezaliwa mkoa wa Sohag, mwezi wa kumi na tatu."

"Wachapaji walikosea, Hajjat."

"Wanakosea sana, wale. Huna kadi nyingine?"

Akachora ya pili, safari hii kwa makini, jasho likimtoka.

"Sasa u mwanamume, alhamdulillahi," alisema Insaf. "Ila una miaka tisa. Au benki siku hizi inaajiri watoto?"

"Hajjat, muda unakwisha. Mwizi anaingia."

"Basi, mwanangu, nisikuchoshe. Nitakwenda mwenyewe benki kwa miguu. Tawi liko hapo tu mtaani, bado hawajafunga."

Nyumba nzima ya marehemu kaka inatoroka kwa miguu! Bahgat hakuweza kustahimili. Akachomoa kadi yake halisi ya kitambulisho mfukoni, akaipiga picha mbele na nyuma, akalifuta jina na kuandika Karim Sabri. Nambari akaiacha ilivyo, maana za kubuni zilikuwa zimeshamwaibisha mara mbili. Tena alijisemea, nambari bila jina itamsaidia nini bibi kizee? Akatuma.



"Hii ni safi," alisema Insaf taratibu. "Kila tarakimu iko mahali pake. Ujumbe nao umeingia, ngoja nichukue miwani."

Simu ikakatika. Bahgat alipiga tena mara kumi na moja, haikupokelewa.

Hakujua kwamba Insaf alikaa miaka thelathini na moja nyuma ya dirisha la ofisi ya vitambulisho, na kwake nambari ndiyo mtu, jina ni nguo tu. Kaka hakuwahi kuwa naye, wala nyumba ya kuuza. Tangazo lile aliliandika na Wagdi wakiwa meza moja, na wakati wote wa mazungumzo Wagdi alikuwa ubavuni pake, kashika kalamu. Tangu alizwe hakuwa akiwatazama watu usoni. Jioni ile alivaa shati alilolinyoosha mwenyewe, wakaongozana mpaka polisi wa makosa ya mtandao.

Siku ya tatu bwana mmoja aliketi kwenye ofisi ya Bahgat bila kukaribishwa, akaagiza chai.

"Karim Sabri?"

"Naam, nikusaidie nini?"

"Au niseme Bahgat Abdel-Muizz Abu Sinna, wa Damanhur?"

Bahgat alitazama mlangoni. Palikuwa na askari wawili. Simu yake ikachukuliwa, ndani mna majina ya watu arobaini, na fedha za wengi wao, Wagdi akiwamo, zilikuwa hazijaliwa bado.

"Nani kanichoma?" aliuliza.

"Mama mmoja mstaafu." Afisa alikunjua karatasi. "Ameandika na hapa chini. Anasema kadi yako imeisha muda tangu Machi, uihuishe kabla ya mahakama, usije ukapigwa na faini juu."

Bahgat aliitoa kadi mfukoni, akaigeuza, akaisogeza karibu na macho. Ilikuwa kweli.