Uzi wa Buluu Hautaisha

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji amekuja kuitaka cherehani ya marehemu dada yake, mke wangu. Ana haki. Yeye ni fundi. Mimi hata kuizungusha sijui. Nikamwomba aniachie mpaka uishe uzi wa buluu, ule marehemu aliouacha kwenye mashine. Akakubali, ila nishone kila siku, nisiuatamie kama kuku. Ukiisha, anachukua.

Zimebaki pima mbili. Nina mpango. Kila siku nitatumia nusu tu ya uliobaki. Kesho nusu ya nusu. Hautaisha milele! Nimeshona kifungo.

Jumatano, 5 Machi

Nimemweleza jirani, mwalimu wa fizikia, werevu wangu. Akakuna kichwa. Akasema wapo wataalamu wanaodhani kuna urefu mdogo kabisa, ambao chini yake kukata nusu hakuna maana. Bado hawajathibitisha. Nikauliza, huko chini uzi upo au haupo? Akasema hata swali halifiki huko. Nikarudi nyumbani. Chai imepoa. Sijaelewa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeelewa. Kama kuna urefu usiokatika, basi usiokatika hauishi. Cherehani haitoki. Kwa furaha nimeshona kifungo cha pili juu ya kile cha kwanza. Shati halifungiki.

Jumamosi, 8 Machi

Uzi ni mfupi kuliko kidole. Unaingia tundu la sindano, unatokea upande wa pili, unaniacha. Mwalimu anasema urefu wa wataalamu bado uko mbali mno huko chini. Wa sindano nimeshaufikia.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amekuja na mkokoteni. Nikamwonyesha kipande kiganjani, nikamweleza habari za wataalamu. Akauliza, "Shemeji, umekula lakini?"

Akainama kuikagua mashine. Akafungua kibati chini ya sindano. Mle mna bobini, kigurudumu cha uzi wa chini. Marehemu aliijaza buluu, pomoni. Kumbe cherehani hula nyuzi mbili. Shemeji akapangusa macho kwa kiwiko, akasema uzi bado haujaisha, akaondoka na mkokoteni mtupu.

Marehemu alikuwa hatumii mkasi. Alikuwa akikata uzi kwa meno, kisha anacheka.

Nimeukunjua wote, nimeuzungusha chumbani mara kadhaa, nimepata katikati yake. Nimekata kwa meno. Kesho nusu ya huo. Safari hii nimepiga hesabu vizuri.