Mbuzi wa Mama na Matairi Makubwa

Jumatatu, 12 Agosti
Leo nimemshinda Papa kwa maneno. Kazi hiyo imenichosha kuliko kufua mablanketi. Yeye anataka nisome ushonaji; mimi nataka umekanika. Tumepatana hivi: nikipata njia ya kamyoneti yetu ya mizigo kunywa mazutu, yaani dizeli, kidogo, ataniandikisha umekanika kabla shule hazijafunguliwa. Nikishindwa, cherehani.

Hoja yangu ni safi. Tairi kubwa huzunguka mara chache katika safari ileile. Mizunguko michache, jasho kidogo kwa injini. Tena gari likiinuliwa, maji ya mto Mulongwe hayatagusa tumbo lake. Yaya Lionel, kaka yangu mkubwa, aliuliza kama mtu akivaa mabuti ya askari hutembea bila kuchoka. Huyu alirudia darasa kwa sababu ya fizikia.

Jumanne, 13 Agosti
Kimanga, kwa Fundi Kwizera. Alikuwa na matairi makubwa na springi ndefu za gari lililokufa zamani. Alisema vilikuwa vinatungoja sisi. Alichukua springi zetu, matairi yetu na mbuzi mmoja wa Mama. Mama hakusema neno. Akinyamaza hivyo, hata kuku huhama uani.

Sasa gari limesimama kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Papa huingia kwa kutanguliza goti. Mimi naliona zuri.

Jumatano, 14 Agosti
Sange. Sikuwafikiria akina mama wa mihogo.

Mama Ninahazwe ndiye mteja wetu mkubwa. Nauli ya mihogo yake ndiyo inayotulisha. Yeye na wenzake hupakia wenyewe: gunia kichwani, kisha moja kwa moja ndani ya gari. Leo gunia liligonga ubao likamrudia kifuani. Alilitazama gari toka chini mpaka juu, akamwuliza Papa: Libérat, hii gari yako iko ya mihogo ao ya twiga? Wenzake walicheka mpaka wakakalia magunia.

Félicien, mshindani wetu wa kubeba mizigo, alikuja kuegesha kando yetu. Kamyoneti yake iko chini kama kitanda. Alituamkia akitazama juu, mkono kwenye paji la uso, akauliza kama huko kwetu mvua imeshaanza. Kisha akaondoka na nusu ya mihogo yetu.

Nimechoka. Lakini mzigo mwepesi utapunguza mazutu zaidi. Hilo nimemwambia Papa njiani. Alikuwa anasikiliza injini.

Ijumaa, 16 Agosti
Zamani bidoni moja ya mazutu ilitosha kwenda na kurudi Sange mara mbili. Leo, katika kurudi mara ya pili, gari lilikohoa karibu na Kiliba, kabla ya kufika nyumbani, likanyamaza. Tanki kavu. Na nyuma tulikuwa na magunia machache tu, maana nilikuwa nimewaletea akina mama kreti la bia la kukanyagia, likavunjika chini ya Mama Ninahazwe. Hakuumia. Alisema tu kwamba hataki tena akili yangu chini ya miguu yake.

Papa alieleza bila hasira, na hilo ni baya zaidi kuliko hasira. Gari linavuta upepo wote wa uwanda kifuani. Matairi ni mazito, injini inayasukuma kama mtu anayesukuma ng'ombe aliyelala. Gia ya mwisho hailiwezi tena. Ametembea na ya tatu tangu Sange. Tulikaa kwenye majani. Félicien alipita, akapiga honi kwa heshima.

Jumamosi, 17 Agosti
Mwanga kidogo. Mita ya kilometa huhesabu mizunguko, haihesabu barabara. Tairi likiwa kubwa, kila mzunguko hutufikisha mbali kuliko mita inavyojua. Kwa hiyo tumetembea zaidi ya inavyoonyesha, na hasara si kubwa kama inavyoonekana! Nilimkimbilia Papa. Alisema Kiliba haijahama, na kwamba habari hizo niende nikalisomee tanki. Lionel aliomba kuja kusikiliza.

Nimeona cherehani ya shangazi Apollinarie imeletwa sebuleni. Imefunikwa kitambaa, kama maiti.

Jumatatu, 19 Agosti
Kwa Fundi Kwizera tena. Amerudisha springi zetu na matairi yetu, akachukua mbuzi wa pili. Yule wa kwanza ameshaliwa; Fundi alitufikishia salamu zake. Mama Ninahazwe ameahidi kurudi, kwa sharti kwamba mimi nibaki nyumbani.

Jioni Papa aliniita. Nilikwenda nikiwa nimeshika utepe wa kupimia nguo, ili aone kwamba nimekubali. Akasema kesho ataniandikisha umekanika. Kule kuna walimu watano. Labda mmoja ataweza kunizuia. Hapa nyumbani ameshindwa, na anaogopa kufikiria nitakachoifanyia cherehani ya dada yake.

Nimelia kidogo. Kisha nikaoga, nikafikiri.

Jambo liko wazi, sijui kwa nini sikuliona mapema. Gari likiinuliwa hunywa zaidi. Basi likishushwa litakunywa kidogo: springi fupi, matairi madogo kama ya toroli, na upepo wote unapita juu. Akina mama watapakia bila hata kunyoosha mikono. Félicien atatuamkia akiinama. Maji ya Mulongwe ni shida ya mwezi wa kumi.

Mama bado ana mbuzi mmoja.