Nobu Mbili au Tatu

Jumatatu, tarehe 3

Hakuna masikio kama yangu katika mji huu mzima. Nasikia sisimizi akibadili mguu. Nasikia jirani akiwaza kuja kuomba chumvi. Miaka arobaini na mitatu napiga gita la besi, na sikio langu ndilo mizani ya bendi!

Haya, nifute. Daftari ni langu na kalamu ni yangu. Nikijidanganya hata humu, ukweli nitausemea wapi? Sikio la kushoto lilistaafu kitambo, bila kuaga. La kulia husikia linachotaka. Sauti nene nazipata, maana hizo huingilia miguuni. Nyembamba, hapana. Simu ikiita, namwona mke wangu anaikimbilia, ndipo najua. Ndege sijawasikia miaka mitatu. Nilidhani wamehama. Hakuna anayejua siri hii. Nadhani.

Leo mazoezini, aibu. Vidole, mpiga kinanda na kiongozi wa bendi yetu ya wazee, kainua mkono katikati ya wimbo. Kasema gita langu linakwaruza kama kabati la bati linaloburutwa sakafuni. Nikamwambia hiyo ni sauti ya kisasa. Akasema kisasa gani, hata mpiga ngoma kaziba masikio kwa pamba. Nikageuka. Kweli! Pamba! Nyeupe pande zote mbili!

Katoa amri. Niweke ikwalaiza ndani ya gita, ile saketi ndogo yenye nobu za kuzungusha, za kupandisha na kushusha sauti nene na nyembamba. La sivyo, Jumamosi harusini yeye atapiga besi kwa mkono wake wa kushoto kwenye kinanda, nami nikae mezani na wageni. Harusi yenyewe ni ya mjukuu wangu! Mjukuu wa pekee! Alipokuwa na miaka sita nilimwahidi: siku utakapoingia ukumbini umevaa shela, besi ya babu ndiyo itakayokuingiza. Leo aingizwe na mkono wa kushoto wa Vidole? Mkono ambao hata chai haujui kukoroga?

Jumanne, tarehe 4

Kwa fundi. Mwanamke wa rika la binti yangu, miwani kaiweka juu ya paji, koleo mfukoni. Kanitandazia saketi tatu juu ya kitambaa. Ya kwanza nobu mbili: ya sauti nene, ya sauti nyembamba. Ya pili nobu tatu: imeongezwa ya sauti ya kati. Ya tatu, malkia mwenyewe: nobu tatu na swichi mbili juu yake. Swichi moja huchagua hiyo ya kati ianzie wapi. Nyingine huipitisha sauti pembeni bila kugusa saketi, ikitokea betri imekwisha. Zote hula betri ile ndogo ya mraba, inayolala mgongoni mwa gita.

Akanishauri kwamba mbili zinanitosha. Alisema nobu zikizidi, napata tu njia nyingi zaidi za kuharibu. Nikamuuliza: kinanda cha Vidole kina nobu ishirini na sita, mimi nionekane na mbili kama jiko la gesi la mpangaji?

Basi akamuunganisha malkia kwa nyaya za nje nijaribu. Nilikuwa nimejipanga. Mtaalamu hafungui mdomo haraka. Nikazungusha ya kati. Nikafumba macho. Nikasema aaah! Hapo! Sauti imefunguka kama dirisha! Nikarudisha: imefungwa. Nikaongeza: imefunguka tena! Mteja mmoja aliyekuja kuchukua pasi yake ya nguo akatikisa kichwa pamoja nami. Akasema kweli mzee, tofauti ipo, tena mbingu na ardhi.

Fundi akakohoa kidogo. Akasema betri bado hajaweka. Sauti ilikuwa inapita pembeni muda wote. Hakuna nobu hata moja iliyokuwa kazini.

Nilimtazama mwenye pasi. Mwenye pasi akaitazama pasi. Akaondoka nayo bila hata kuijaribu.

Fundi akaniuliza taratibu, midomo kaifungua vizuri nisome, kama nasikia sawasawa. Nikamwambia nilikuwa nampima yeye. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Kaniazima malkia pamoja na betri nikajaribu nyumbani, na kwa alivyonitazama nilijua kaniazima kwa huruma.

Jumatano, tarehe 5

Ugunduzi! Nilikuwa nimelikumbatia gita sebuleni, malkia kaunganishwa, tako la gita limeegemea spika, nimechoka, kidevu juu ya pembe yake ya mbao. Nikapiga uzi. Nikasikia kitu! Nikabana meno kwenye mbao. Sauti ikapita kwenye mifupa mpaka nyuma ya macho. Nikasikia kucha yangu ikikwaruza uzi! Mara ya mwisho kusikia hilo, meno yote yalikuwa yangu.

Nikazungusha nobu ya sauti nyembamba. Ikapanda kweli, kali kama sindano. Nikaishusha haraka. Kwa hiyo miaka hii yote ndizo sindano nilizokuwa nawachoma watu? Na maskini mpiga ngoma na pamba yake?

Niliona haya kama dakika mbili. Kisha nikauma tena, maana ni tamu.

Nikiwa hivyo, akaingia mkwe wangu, mama wa bibi harusi, kaleta orodha ya wageni. Anasema alipiga hodi mara tano. Alimkuta baba mkwe wake kafumba macho, anaguguna gita, mate yanatiririka mpaka kwenye nyuzi. Akaangalia dari. Akasema shikamoo baba. Nikaitika marahaba na mbao mdomoni. Akaiweka orodha juu ya kiti, akatoka kinyumenyume. Mkwe! Bora ningekutwa na askari!

Saa moja baadaye likaja sufuria zima la chakula kutoka kwake, na ujumbe kwamba baba ale ashibe. Mke wangu akaniuliza nimekwenda kutangaza nini kwa watu, kwamba nyumbani humu hakupikwi? Aliuliza kwa nguvu. Hilo nililisikia.

Alhamisi, tarehe 6

Kumbe mwenye pasi ni shemeji yake Vidole! Habari zilifika kabla sijavua viatu. Vidole akatangaza jaribio leo mazoezini: fundi aje na gita la kukopa na saketi zake, apige nyuma ya mgongo wangu, mimi niseme ni nobu mbili, nobu tatu, au gita tupu. Nikipatia, nachagua nitakayo na harusi napiga. Nikikosa, mkono wa kushoto.

Nikapanga mpango. Mke wangu akae kiti cha mbele na kipepeo chake. Akijipepea kwa mkono wa kulia, mbili. Wa kushoto, tatu. Akikiweka mapajani, tupu. Akakubali papo hapo. Hakubishana hata neno. Ndoa ya miaka arobaini hajawahi kuacha kubishana! Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Mara ya kwanza: kulia. Nikasema nobu mbili, tena sauti nyembamba imekaa kwa adabu. Fundi akasema sawa. Mara ya pili: kushoto. Nikasema tatu, ya kati imenona. Sawa! Mpiga ngoma akapiga makofi. Vidole akakuna upara. Nikaanza kutunga hotuba.

Mara ya tatu mke wangu akakitia kipepeo kwenye mkoba. Akafunga zipu. Akanitazama. Si kwa hasira. Hasira yake naifahamu. Nikangoja. Nikangoja tena. Nikainua mkono nikamwambia fundi aanze basi, tutakufa hapa tumekaa.

Fundi akasema mzee, nimeshamaliza. Alikuwa amepiga zile sauti nyembamba za juu ya uzi, kama kengele. Mara tatu.

Mke wangu akasimama. Akawaambia mume wangu hasikii, na mimi nimechoka kunadi kama dalali ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Akakaa.

Vidole hakucheka. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa na majibu sita tayari ya kumrushia akinicheka, na hakucheka. Na mlangoni, maua mkononi, kasimama mjukuu wangu. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Tangu kengele, nadhani.

Ijumaa, tarehe 7

Sikutoka kitandani. Nilielekeza uso ukutani nikamwagiza mke wangu, yeyote akija, aseme nimesafiri. Akamwambia mjukuu kwamba babu kasafiri, huku akimwonyesha miguu yangu.

Mjukuu akaketi kitandani, akaja mpaka kwenye sikio la kulia. Akasema babu, uliniahidi. Kumbe kaongea na Vidole! Nitapiga, ila kwa masharti. Nobu mbili, basi. Fundi ndiye atakayezipanga, azizibe kwa utepe, mimi nisiziguse. Na Jumanne baada ya harusi niende kwa daktari wa masikio, bila visingizio. Nikaapa. Nikaapa tena, maana alisema kiapo cha kwanza hakukiamini.

Alasiri fundi akaifunga saketi ya nobu mbili. Malkia kamrudisha kwenye boksi, roho iliniuma. Kaacha agizo moja tu: nikimaliza kupiga nichomoe waya kwenye gita, maana waya ukibaki ndani, betri inaliwa hata kama hakuna anayepiga. Nikamwambia mwanangu, nimeanza kupiga besi mama yako hajajua hata kufunga kiatu.

Alipoondoka nikapiga kidogo kwa meno. Tamu! Kisha nikalilaza gita juu ya kochi, waya na kila kitu, nikalifunika shuka kama mtoto.

Jumamosi, tarehe 8

Ushindi!

Ukumbi ulijaa. Mjukuu akatokea mlangoni na baba yake. Vidole akaniashiria kwa kichwa. Nikafumba macho nikaanza. Besi ikanijia kupitia soli za viatu, nene, safi, ina heshima zake. Haijawahi kunitoka hivyo! Wimbo wa kuingia, na mingine minne. Nikafumbua macho: mkwe wangu analia. Mpiga ngoma hana pamba!

Nobu sikuzigusa. Naandika hapa ili ijulikane.

Mjukuu akanikumbatia na shela lake lote. Akasema babu, nimeisikia mpaka kwenye visigino. Nimepokea pongezi za watu kumi na wanane. Nikawaeleza kwamba siri yote ni kuchagua ikwalaiza, kwamba wapigaji wengi hukimbilia nobu nyingi kwa ushamba. Bwana mmoja nilimshika mkono nusu saa nikimfafanulia.

Vidole peke yake hakusema kitu. Alikuwa anakanda kiganja chake cha kushoto. Wivu huo.

Jumapili, tarehe 9

Vidole kaja. Nilidhani kaja kuniomba radhi, nikakaa sawa kwenye kiti.

Akafunga mlango. Akaligeuza gita langu, akafungua kile kifuniko cha mgongoni, akatoa betri. Akaigusisha ulimini mwake. Akanipa mimi. Nikaiweka ulimini. Betri nzima huuma ulimi. Hii, kama kijiko.

Kasema ilikufa kabla bibi harusi hajavuka mlango. Nilipiga noti tatu, gita likanyamaza. Na saketi ya nobu mbili haina swichi ya kupitisha pembeni. Betri ikifa, hakuna sauti. Alinitazama nimefumba macho, natikisa kichwa kwa raha. Akashusha mkono wa kushoto. Nyimbo zote tano. Kile nilichokisikia miguuni ni yeye.

Nikamuuliza kwa nini hakunishtua. Akasema angefanyaje, amsimamishe mtoto mlangoni na shela lake? Akasema hakuna anayejua ila sisi wawili na mpiga ngoma. Akanywa chai, akaikoroga vizuri tu, akaenda.

Watu kumi na wanane. Na yule bwana wa nusu saa.

Nikasema lazima nimwambie mjukuu. Nikampigia simu. Nikakohoa. Nikasema mjukuu wangu, kuhusu ile besi. Akasema kitu kirefu kidogo. Nadhani alisema asante. Nikamjibu karibu. Nikakata.

Lakini sina hakika kama ilikuwa asante. Huenda alisema anajua. Na mimi nikamjibu karibu.

Jumatatu, tarehe 10

Nimekaa na aibu yangu tangu alfajiri, nimeitafakari kiutu uzima, na kosa nimeliona. Ni nobu! Ningemchukua malkia mwenye swichi ya pembeni, betri ingekufa na besi ingeendelea. Walinilazimisha nobu mbili. Nimeshamtumia fundi ujumbe aniwekee malkia.

Limebaki la daktari kesho. Nimekwenda kupeleleza. Mgonjwa anawekwa kwenye kibanda cha kioo, anavishwa vidude masikioni, mashine inatoa sauti, ukiisikia unabonyeza. Na mashine ina kitaa kinachowaka kila inapotoa sauti! Mgonjwa hakioni. Aliyekaa kwenye benchi la kusubiri anakiona.

Mke wangu simwamini tena. Kwa hiyo nimeandika barua, na nakala yake hii hapa:

Ndugu yangu Vidole, salamu. Kesho saa tatu asubuhi nisindikize kwa daktari wa masikio. Kaa kwenye benchi, upande wa mashine, utazamane nami. Kila kitaa kikiwaka, jikune pua. Najua juzi umenitendea wema, na siusahau. Ila na wewe ukumbuke ile siku suruali yako ilipopasuka nyuma mbele ya watu mia nne, ni nani aliyesimama mgongoni kwako na gita lake nyimbo sita, hakusogea hata kwenda msalani. Ile bado nakudai. Sitaki kingine. Pua tu.