Ombi la Mwizi wa Kujaribia King'ora

Kwa Mwenyekiti wa Mtaa,
Bwana Khuất Văn Lẫm,
Nam Định.

Ndugu Mwenyekiti,

Baada ya kukutakia afya wewe na nyumba yako, mimi Nghiêm Đình Thuyết, fundi mstaafu wa mitambo ya kiwanda cha nguo, mkazi wa nyumba namba kumi na tisa, naleta lalamiko nililolibeba kifuani kwa miezi saba. Nimeifungia pikipiki yangu king'ora cha kuzuia wizi, na hakuna mwizi aliyekuja.

Najua hapo utarudia kusoma. Umesoma sawasawa. Maelezo ni haya.

1. Kuhusu juhudi zangu. Mwezi wa tatu, pikipiki ya muuza tofu ilipoibwa mchana kweupe, wewe mwenyewe ulitangaza kwenye kipaza sauti cha mtaa kwamba kila mwenye chombo akiwekee kinga. Mimi nilitii. Nilikwenda duka la vipuri karibu na stesheni, nikakaa pale asubuhi nzima. Binti mwenye duka, Thoan, alinipangia ving'ora vitatu mezani. Cha kwanza kinapiga mluzi. Cha pili kinasema kwa sauti ya mwanamke, "Tafadhali ondoka kwenye chombo hiki." Nilikikataa, maana mwizi akiombwa kwa adabu namna hiyo anaweza kudhani amekaribishwa. Cha tatu kinalia kama gari la zimamoto lililobanwa mkia.

"Baba mkubwa, hiki ni kikali," Thoan akanionya. "Kina ngazi nane za kushtuka. Watu wengi wanaweka ya tatu."

"Watu wengi wameibiwa," nikamjibu, nikachagua ya nane.

Nilikifunga mwenyewe uani, kazi ya siku mbili. Niling'oa kiti, nikapitisha nyaya chini ya tangi, nikaficha kisanduku nyuma ya betri, na ile taa ndogo nyekundu nikaitobolea tundu pembeni ya mshale wa mwendo. Mke wangu Lụa alinishikia bisibisi, akiniuliza kila waya unakwenda wapi.

2. Kuhusu utendaji wa chombo. Wiki mbili za kwanza kilifanya kazi kupita matarajio. Kililia paka alipopita. Kililia muuza mikate alipopita, kikalia tena kwa mwangwi wa mlio wake chenyewe. Kililia jirani yangu, Bi Ngoãn, alipopiga chafya, naye akaiomba pikipiki radhi. Nakiri kwamba mjukuu wa Bi Ngoãn wakati huo alikuwa na siku kumi na moja tu duniani, na mama yake mtoto alisimama mlangoni kwangu akiwa na macho mekundu, akasema, "Baba mkubwa, mtoto hajalala tangu tumtoe hospitali." Nikamweleza kwamba anayezoea mapema hapati taabu ukubwani. Hakunishukuru.

Tangu wiki ya tatu king'ora kimetulia chenyewe. Kama fundi, hilo sikulishangaa: mtambo mpya huchachamaa kwanza, kisha hujipatia akili. Taa nyekundu inapepesa hadi leo.

3. Kuhusu wezi wenyewe, na hapa ndipo penye uchungu. Ndani ya miezi hii saba wamechukua pikipiki nne za mtaa huu, baiskeli moja ya umeme, na pampu ya maji ya hekaluni. Yangu inaegeshwa nje ya mlango, mbele ya macho ya kila mpita njia, na hawajaigusa. Mwenyekiti, pikipiki hii ndiyo niliyomchukulia Lụa kutoka kwao siku ya harusi, amekaa upande, ameshika viatu mkononi visilowe. Ndiyo iliyomfikisha binti yetu kwenye mtihani mwaka wa mafuriko, maji yakiwa usawa wa ekzosi. Anayeidharau ametudharau sisi watatu. Kwenye kibanda cha chai wananiambia, "Thuyết, hata mwizi ana macho." Wanacheka mpaka chai inawatoka puani. Mimi naacha kikombe nusu, naondoka.

4. Kuhusu Chẩn kinyozi. Mtaa mzima unajua kwamba Chẩn, kabla ya kushika mkasi, alifungwa kwa kuiba pikipiki, na kwamba tangu atoke hajachukua hata kiberiti cha mtu. Nilimwendea kwa heshima, nikakaa kwenye kiti chake, nikamwomba aibe yangu mara moja tu, mchana, kwa ajili ya majaribio. Akazima mashine ya kunyolea.

"Baba mkubwa, mimi nimeacha."

"Huu si wizi. Ni ukaguzi."

"Na polisi wakinikuta juu yake, nawaambia nakagua?"

"Nitakuandikia barua."

"Basi niandikie mbili," akasema, "moja ya kumpa mke wangu." Akaendelea kuninyoa, na upande mmoja ukatoka mfupi kuliko mwingine. Nasikitika kusema kwamba huo ni woga. Mtu mwenye ujuzi kama wake kuufungia kabatini ni hasara kwa jamii.

Kwa sababu hizo naomba, kwanza, ofisi yako iniletee mwizi mmoja anayetambulika, kwa muda wa saa moja, nami nitamwandalia chai. Akiwa mgeni wa mtaa, ataonyeshwa njia. Pili, tangazo la asubuhi liwakumbushe wezi kwamba nyumba namba kumi na tisa nayo ina pikipiki. Tatu, yote hayo yakishindikana, njoo uiibe wewe mwenyewe. Una nafasi, unajua vichochoro, na hakuna atakayekushuku.

Nisalimie mkeo, mama mkwe wako na goti lake, na karani wako ambaye bado hajajibu barua yangu kuhusu mtaro. Majirani wote nawatakia usalama, hata wale wa kibanda cha chai.

Ni mimi, mlinzi mwenzako wa mtaa,

Nghiêm Đình Thuyết

Nyongeza. Mchana wa leo nilimpelekea Chẩn barua hii aisome hoja ya nne, nisije nikawa nimemsema kisogoni. Aliisoma yote, kisha akaenda kufunga mlango.

"Baba mkubwa, iliibwa," akasema. "Mwezi wa sita. Ulikuwa umelala mchana."

Ameniambia kwamba mwizi aliisukuma mpaka karibu na daraja. Chẩn alimwona akipita, akamkimbiza na wembe mkononi, huku amemwacha mteja kitini na ndevu za shavu moja. Jamaa akaitupa, akatokomea. Wewe, Mwenyekiti, ulishika usukani, Chẩn akasukuma nyuma, mkairudisha pale pale kabla sijaamka. King'ora hakikulia kwa sababu Lụa alikikata waya tangu ile wiki ya tatu, ili mtoto wa jirani alale. Taa akaniachia.

"Kwa nini hamkuniambia?" nikamuuliza.

"Mama mkubwa Lụa alikataza. Alisema ukijua, utanunua cha pili."

Kwa hiyo ombi la mwizi nalifuta, na neno "woga" katika hoja ya nne nimelikata kwa kalamu. Likiwa bado linasomeka, tafadhali usilisome. Barua naituma hivyo hivyo, kwa kuwa sijui namna nyingine ya kukushukuru bila kukutazama usoni.

Jioni hii nilimkuta Lụa mlangoni akichambua mboga. Nikabonyeza rimoti ya king'ora, taa ikapepesa.

"Bado kinafanya kazi?" akaniuliza bila kuinua uso.

Nikamwambia kinafanya kazi vizuri sana, nikavuta kigoda, nikachukua fungu langu la mboga.