Ukuta Usio na Waya

Jumatatu, 4 Machi

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Kibandani leo wamekuja watu watatu. Wa kwanza alitaka kuchaji simu. Wa pili aliuliza njia. Wa tatu alijikinga mvua, ilipokatika akaenda zake. Filamu hakuna aliyeulizia. Nilianza na kanda za video, zikafa. Nikahamia kwenye sidii, zikafa. Nikaanza kuwawekea watu filamu kwenye flashi, nazo sasa ziko mahututi. Kila kitu nikishakizoea kinaaga dunia.

Nyumbani kuna habari. Binti yetu na wenzake wa shule walirekodi shindano la maswali la televisheni. Litaonyeshwa Jumapili alasiri. Matokeo hasemi. Mama yake amembembeleza, hasemi. Mimi nimejifanya sitaki kujua, ndiyo kabisa hasemi. Ana ombi moja tu kwangu: siku hiyo nikae kwenye kochi pembeni yake, mwanzo hadi mwisho, nisiinuke. Nimemjibu kwamba hilo si ombi, ni tusi. Niinuke niende wapi?

Mke wangu ameshaalika watu: mama yake na kaka yake. Kaka yake! Shemeji Pima Maji. Jina hilo nimempa mimi, na nalitumia moyoni tu. Kazi yake ni kutundika televisheni kwenye mahoteli, na haendi popote bila pima maji yake mfukoni, ile ya kuangalia kama kitu kimekaa sawa. Akiingia nyumba ya mtu huangalia waya kwanza, salamu baadaye.

Jumanne, 5 Machi

Shemeji amepiga simu. Amesikia televisheni yetu mpya bado iko kwenye boksi. Yuko tayari kuja kuitundika bure, waya wote apitishe ndani ya mfereji wa plastiki ukutani. Dakika chache tu, amesema, na akacheka. Kicheko chenyewe nakijua. Alikicheka siku nilipofungua kibanda cha sidii.

Nimemshukuru sana, nikamkatalia. Mfereji wa plastiki! Unauona tangu mlangoni. Huko si kuficha waya, ni kuuvalisha suruali.

Hapo wazo likanijia, nikiwa na simu bado sikioni. Nitatundika mwenyewe. Si juu ya ukuta, NDANI ya ukuta. Waya usionekane hata mmoja. Mama mkwe ataona, na mama mkwe akiona kitu, mtaa mzima umekiona. Watu wataniita majumbani mwao. Kibanda nitakifunga kwa heshima. Nitaitwa fundi, si yule mzee wa kanda.

Mke wangu amesikiliza mpango wote huku akikunja nguo. Amesema, haya. Nimeishi naye muda wa kutosha kujua kwamba hiyo haya haikuwa ya kukubali.

Jumatano, 6 Machi

Ile televisheni yetu ya zamani, yenye chogo, nimempelekea fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Niliibeba mwenyewe. Mgongo umeniuma. Fundi amefurahi, ameiweka juu ya meza ya kukatia nguo, king'amuzi chake kidogo akakiweka kwenye stuli, na waya zote zikaning'inia mbele kama utumbo. Macho yaliniuma. Nikajitolea kumfichia. Akakataa. Anasema akiziona anajua ipi inakwenda wapi, na mficha uchi hazai. Nimemwacha na ushamba wake.

Mchana nimechimba ukuta. Tindo na nyundo. Vumbi limeingia kwenye chai, kwenye sukari, kwenye daftari za binti. Mtaro umeshuka vizuri kutoka pale televisheni itakapokaa hadi chini kwenye soketi. Umepinda kidogo, lakini ukishafunikwa nani ataona?

Tatizo limebaki moja. King'amuzi. Kile kiboksi cheusi kikikaa kwenye meza, waya utatoka ukutani kukifuata, na shemeji ataukodolea macho huo huo mmoja. Nimekaa nikakitazama mpaka chai ikapoa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata! King'amuzi nacho kinaingia ukutani!

Nimechimba shimo la ukubwa wake nyuma ya mahali pa televisheni. Kimekaa humo kama yai kwenye kiota. Nimeunganisha kila kitu, nikawasha. Picha safi. Chaneli ya ufugaji, bwana mmoja alikuwa anaeleza namna ya kutenga kuku wagonjwa. Sauti safi. Nilitamani kulia.

Mke wangu alipita na ndoo. Akasimama. Akauliza, sasa rimoti itakionaje? Nimemweleza kwa subira kwamba rimoti haina macho, ni mambo ya mawimbi, na mawimbi hupita popote. Redio si inasikika ndani ya nyumba? Akasema yeye aliuliza tu. Akaenda na ndoo yake. Watu wasio wa fani huwa na maswali ya ajabu.

Ijumaa, 8 Machi

Saruji. Kwa kawaida mchanga huwa mwingi kuliko saruji. Mimi nimegeuza hesabu, maana kazi hii ni ya maisha. Nimefunika mtaro, nimefunika king'amuzi na taa yake ikiwaka, nimesawazisha kwa mwiko. Nusu mfuko umebaki, nimeuweka uvunguni mwa kitanda. Mke wangu amehamisha viatu vyake tu.

Binti amerudi kutoka shuleni akashika ukuta. Ameuliza kama Jumapili nitakuwa nimemaliza. Nimemwambia nimeshamaliza. Akauliza kama nitakaa. Nitakaa! Huyu mtoto ananionaje?

Jumamosi, 9 Machi

Rangi asubuhi. Televisheni imetundikwa adhuhuri. Imeinama kidogo upande wa kushoto, kwa hiyo nimesogeza kochi liinamie huko huko. Waya: hakuna. Hata mmoja! Nimesimama mlangoni, nikasimama dirishani, nikalala chali sakafuni. Hakuna.

Nimepiga marufuku kuwasha. Televisheni nimeifunika shuka, kesho niifunue mbele ya wageni. Mke wangu ameomba tujaribu kidogo leo, roho yake itulie. Nimekataa. Nilishaijaribu Alhamisi, na kitu hakiharibiki kwa kupakwa rangi.

Mwili wote unauma. Ila leo sijauchukia uchovu wangu.

Jumapili, 10 Machi

Naandika nikiwa nimekaa juu ya kifusi.

Wageni walifika mapema. Mama mkwe alikaa kwenye kiti kilichoegemea ukuta, akasema ukuta wangu una homa. Nikacheka. Kweli ulikuwa na joto, lakini nyumba ilikuwa na watu. Shemeji alitafuta waya. Alitazama chini, juu, pembeni ya shuka. Hakupata. Nilimwona akimeza mate. Hakika, hata kama nitakufa maskini, yale mate nimeyaona.

Nikavuta shuka. Wakapiga makofi, hata shemeji. Nikawasha televisheni. Ikawaka! Akatokea bwana wa kuku.

Nikachukua rimoti ya king'amuzi nibadilishe chaneli. Bwana wa kuku akaendelea. Nikasogea hatua. Akaendelea. Nikageuza betri. Nikaibandika rimoti kwenye ukuta, nikabonyeza kila kitu kilichobonyezeka. Akaingia sura ya pili, chanjo. Mama mkwe akauliza kwa upole mjukuu wake atatokea baada ya kuku, au ni pamoja nao?

Wanasema ukuta una masikio. Macho, basi, hauna.

Mke wangu hakunitazama. Hilo ndilo baya zaidi. Angenitazama ningejua pa kuanzia.

Shemeji akauliza king'amuzi kiko wapi, akisukume kidogo kionekane. Nikamwonyesha ukutani. Alipatazama kama mtu aliyeonyeshwa kaburi. Halafu akasema hana neno, ila yeye ana nyundo kwenye gari. Nikamwambia ninayo yangu.

Binti ndiye aliyepata akili. Alisema kwa fundi cherehani kuna televisheni, ni kuvuka barabara tu, bado muda upo, twende wote. Alinishika mkono. Nikamwambia watangulie. Nakuja sasa hivi. Naondoa plasta kidogo tu, kidogo tu, kikionekana tutarudi kutazama hapa, kwetu, kwenye kioo kikubwa. Akauliza, baba, kwa nini usije tu? Nikamwambia nakuja. Akaachia mkono wangu.

Wakaondoka. Nikapiga tindo ukutani, ubavuni mwa televisheni. Ile saruji! Ni nani aliyeichanganya ile saruji? Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeziba pasipo na ufa, nikabomoa ukuta. Nikapiga, nikapiga. Dirishani nilisikia sauti kutoka ng'ambo, kwanza muziki wa kipindi, kisha kimya cha watu wanaosubiri jibu. Nikasema dakika moja. Mkono wangu ulikuwa umezama shimoni hadi kwenye kiwiko, vidole vimeshaanza kugusa kiboksi, niliposikia vigelegele. Mama mkwe, yule. Nikazidisha nyundo.

Kikaonekana! Kimechubuka, moto kama pasi, lakini taa yake bado inawaka. Nikaelekeza rimoti shimoni. Chaneli ikakubali. Picha kubwa, safi, isiyo na waya. Majina ya waandaaji yalikuwa yanapanda kwenye kioo. Kisha tangazo la sabuni.

Walirudi wakiongea kwa furaha, wakasimama mlangoni. Nikauliza alishinda? Mke wangu akasema alishinda. Nikauliza ikawaje. Akasema atanisimulia, akaenda kuchukua ufagio. Binti alinipongeza kwa kukipata king'amuzi. Hakusema kwa kejeli. Ningependa angesema kwa kejeli.

Jumatatu, 11 Machi

Sikufungua kibanda. Hakuna aliyegundua.

Nimepeleka suruali yangu kwa fundi cherehani, magoti yamechanika kwenye kifusi. Akashona bila kuinua kichwa, akaniambia nilikosa jambo. Nikasema najua nilikosa, mtoto alishinda. Akasema hapana, si hilo. Akasimamisha cherehani.

Mwishoni, anasema, mtangazaji alimuuliza binti yangu ni nani aliyemfundisha kupenda kujua mambo. Wenzake walitaja walimu. Yeye alisema ni baba yake, kwa sababu baba yake hawezi kukiacha kitu mpaka akifungue aone ndani kuna nini. Watu wa studio wakacheka. Halafu akaitazama kamera. Akasema, baba, najua umekaa hapa karibu nami, basi leo usiguse waya wowote, tulia tu, tutazame.

Fundi anasema pale mezani binti alikuwa amekaa kwenye benchi, na pembeni yake ameacha nafasi. Mama mkwe alitaka kuikalia. Akamwambia bibi, samahani, ina mtu.

Niliipokea suruali. Sikumbuki kama nilishukuru. Nimevuka barabara vibaya, mwenye baiskeli amenitukana, na alikuwa na haki. Nyumbani nimekaa kwenye kochi, upande ulioinama, mbele ya lile shimo. Nimelia kidogo. Wacha niandike ukweli, hakuna anayesoma humu. Nimelia sana.

Jumanne, 12 Machi

Nimemwomba binti msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno, yakapotea yote. Nimesema tu, mwanangu, nilipaswa kuja. Akasema kipindi kitarudiwa Alhamisi jioni. Akasema hata kwa fundi cherehani panatosha, benchi lipo, mimi nikae tu. Nikaapa. Akanipa mkono tukapeana kama wafanyabiashara, akacheka.

Shemeji naye amekuja na mfereji wake wa plastiki. Amepima, ametundika upya, king'amuzi kimekaa kwenye kibao kidogo chini ya televisheni, waya mmoja umeonekana. Televisheni imenyooka. Sasa kochi ndilo limepinda. Nilimshikia ngazi. Mke wangu amenitengea chai bila kuombwa, mara ya kwanza tangu Jumatano.

Nimejifunza. Naandika kwa herufi kubwa: NIMEJIFUNZA. Jambo likiwa rahisi, liache liwe rahisi.

Jumatano, 13 Machi

Asubuhi nimepita kwa fundi cherehani kuangalia tu lile benchi nitakalokaa kesho na mwanangu. Benchi zuri. Nimejaribu kulikalia. Unaona vizuri kabisa.

Isipokuwa zile waya. Zinapita mbele ya kioo, upande wa chini, pale pale ambapo sura ya binti inaweza kutokea. Fundi anasema Jumapili hazikumzuia mtu. Lakini Jumapili mimi sikuwepo, angejuaje? Mtoto aliniachia nafasi mbele ya watu wote. Siwezi kumtazama kupitia utumbo wa waya. Hilo nalo ni suala la heshima.

Kosa langu la kwanza nimeliona: niliweka king'amuzi ukutani. Kwa fundi kitaingia sakafuni. Mbele ya televisheni kabisa, na nitaacha tundu dogo ili rimoti ipate pa kupitia. Nimefikiria kila kitu. Fundi kesho anakwenda sokoni kununua vitambaa, ameniachia ufunguo ili benchi lisikosekane. Kazi ya asubuhi moja tu. Jioni nakaa.

Na ule nusu mfuko wa saruji bado uko uvunguni. Ukikaa zaidi utaganda bure.