Galeo wa Sikukuu ya Machi

Jumamosi, 22 Machi
Serikali inatunga mpango wa taifa wa kulinda papa! Bi Kaliroi wa wizarani anakuja Jumatatu kuchagua mvuvi mmoja wa kisiwa chetu akaketi kwenye kamati huko Athens. Nafasi hiyo ni yangu. Eti Argiris naye anaitaka. Argiris! Mashua yake haijatoka bandarini tangu Pasaka ya mwaka juzi. Mimi nina cha kusema: marehemu baba alikuwa akirudisha papa wadogo baharini, akiwaambia waende wakakue. Enzi hizo nyavu zikipanda, vifijo vilisikika mpaka kanisani. Siku hizi navuta, naambulia plastiki. Nataka kulisema hilo Athens kabla sijafa. (Na Argiris asiende.)

Jumatatu, 24 Machi
Mkutano mkahawani. Bi Kaliroi alieleza kuwa mpango unalinda papa wote, pamoja na taa, wale samaki bapa, maana ni ukoo mmoja. Sikusikiliza sana, nilikuwa napanga hotuba yangu. Nikasimama, nikaapa kwamba mkono huu haujawahi kuua papa. Argiris akaguna. Nilipofika kwenye habari za baba, Bi Kaliroi alijifuta machozi. Kesho sikukuu ya uhuru, meli hakuna, basi nimemwalika chakula cha mchana. Argiris hakuliwaza hilo. Amekwisha!

Jumanne, 25 Machi
Watoto wameandamana na bendera, kama sisi zamani. Mimi mbio jikoni. Galeo wa kukaanga na skordalia, ule rojo wa vitunguu saumu, kama kila nyumba, kila mwaka. Vitunguu saumu nimevitwanga kwenye kinu cha marehemu mke wangu, Marigo. Alikuwa akinifukuza jikoni kwa mwiko. Mwaka wa sita huu, na bado nageuka nikidhani anakuja. Nimemkumbuka mno leo.

Bi Kaliroi akala, akasifu, akaongeza. Akauliza ni samaki gani. Nikajibu kwa fahari kwamba ni galeo, nimemvua mwenyewe jana alfajiri.

Akaweka uma chini. "Mzee Pandelis, galeo ni papa. Ndiye wa kwanza kwenye orodha yangu."

Nikacheka. Galeo, papa? Galeo ni galeo! Papa ni yule wa meno, wa kutisha watu. Marigo kampika galeo miaka arobaini, na baba mwenyewe... Hapo nikakumbuka. Baba alirudisha wadogo tu. Wakubwa tuliwala.

Bi Kaliroi hakucheka.

Alhamisi, 27 Machi
Kachaguliwa Argiris. Nimejifungia ndani siku nzima, nikanusa kinu cha Marigo, nikalia kidogo.

Jioni habari njema! Bi Kaliroi anarudi Mei kutafuta msaidizi wa Argiris. Nimeshampelekea mwaliko. Somo limeniingia: papa hakanyagi tena mezani kwangu, awe mkubwa awe mdogo. Nitampikia taa wa nyanya, kama Marigo alivyompika siku ya harusi yetu. Nyavu nimeshatega.