Kwaya ya Kujaza Nyumba

Jumapili, 19 Desemba 1993

Jirani yangu Ponsian tena! Baada ya misa ametangaza kwamba Krismasi ya sisi watu wa Kagera tulioko Nyakato itafanyika kwake. Eti ana redio kaseti mpya kutoka Dubai, spika zake ndefu kama makabati. Zamani mtu alisifiwa kwa kusoma. Siku hizi kila kitu kinaruhusiwa kuingia nchini, hata kelele.

Marehemu mke wangu Bernadetta alipokuwa hai, wote walikuja kwangu. Tangu nimzike, kiti chake cha dirishani hakijakaliwa na mtu. Krismasi mbili sasa nakula ndizi na dada yangu Kokulinda, tunatazamana tu. Ya tatu? Sikubali. Nyumba hii itajaa.

Jumanne, 21 Desemba

Wazo! Ponsian ana mashine, mimi nitakodi watu.

Nimekwenda kivukoni. Nimemkuta Masalu, kiongozi wa kwaya kutoka Sengerema. Mtu mwembamba, suti nyeusi, jua lote lile hatoki jasho. Kanipa shikamoo huku akitazama ziwani. Nikamuuliza kama kwaya yake inavuta watu. Akasema hawajawahi kuimba kwenye nyumba ikakosa watu. Hata jirani akiwa na spika? Akasema spika huzimwa wao wakianza.

Huyu ndiye! Nilitaka kumwelekeza nyumbani. Akasema wanapafahamu.

Alhamisi, 23 Desemba

Kokulinda kauliza hao waimbaji kwa kawaida huimba wapi. Sijui. Akasema, kaka, vitabu vyote hivyo umesoma, swali dogo namna hiyo limekushinda? Wivu tu.

Ukungu wa ziwani umepanda mpaka mlangoni kwetu. Sijawahi kuuona huku juu.

Jumamosi, 25 Desemba

Siku gani hii!

Asubuhi Kokulinda alikwenda kwa shoga yake kule Buhongwa kuchukua ndizi. Mimi chumbani, nachagua shati. Kwaya ikaingia uani bila hodi, wote wamevaa nyeupe. Wakatandika mikeka, wakaketi chini, wakaanza kuimba taratibu.

Spika za Ponsian zikazimika. Kisha watu! Wanawake na masufuria, kanga viunoni. Wanaume wamebeba mabenchi na kuni. Nikachungulia dirishani, nimejaa furaha. Ndipo nikamsikia jirani yetu Akumu akiuliza kwa kilio mzee amefariki saa ngapi.

Mzee ni mimi.

Kumbe hawa huimba misibani! Nyakato nzima inawajua, isipokuwa mimi.

Ningetoka papo hapo. Lakini Ponsian alikuwa amesimama, anafuta machozi, anasema hakuna kati yao aliyesoma kama mimi. Akakiri kwamba aliihamisha Krismasi kwa sababu hakuweza kukitazama kile kiti kitupu. Nani angemkatiza mtu anayesema vizuri hivyo? Nikajilaza kitandani nisikilize vyema.

Mara kwaya ikabadili. Kihaya. Ule wimbo wa Bernadetta, aliojitungia mwenyewe akimenya ndizi za Krismasi. Hakuwahi kuuimba nje ya jiko langu.

Nikatoka mbio, shati mkononi.

Mayowe! Watu walikimbia wakaacha viatu. Masufuria hawakuyaacha. Mchana wote walikuwa kwa Ponsian, nasikia spika zake. Kokulinda kanikuta peke yangu na kwaya.

Nikamuuliza Masalu, yeye Msukuma, wimbo ule kafundishwa na nani. Akanyoosha kidole ndani, kwenye kiti cha dirishani. Nikaenda kugusa mto wake. Ulikuwa na joto.

Jumapili, 26 Desemba

Kokulinda amekigeuza kiti kikaelekea ukutani. Aliporudi kutoka kuchota maji, tumekikuta kimegeuka tena.

Ponsian kapita njiani, kasimama mbali na geti, kauliza marehemu ameamkaje.

Nimetafakari kwa makini. Mpango ulikuwa sahihi kabisa. Nyumba ilijaa! Kosa ni kutoka mapema. Ningevumilia kidogo, wangekwisha kula na kuzoea.

Nimerudi kivukoni kuwaagiza kwa ajili ya Pasaka. Masalu akasema nisijisumbue kuagiza. Kwangu watakuja wenyewe siku ikifika, na safari hiyo hakuna atakayekimbia.

Waungwana sana. Nimeanza kuazima mabenchi.